Maswali ya Wasomaji: Raketi Ngumu ya Padeli na Lobu Zinazoishia Njiani

Barua nyingi za safari hii kuhusu padeli, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kiwanja kilichozungushiwa kuta za kioo na uzio, zinahusu raketi ya aina moja: ya duara, yenye povu gumu ndani na uso wa kaboni, ile inayouzwa kama raketi ya udhibiti. Wengi mnaisifu mkiwa kwenye wavu na kuilalamikia mkiwa nyuma. Tumechagua maswali saba. La kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu mengine karibu yote yanatokana nalo.

Nilikuwa natumia raketi laini ya faibaglasi. Mwezi uliopita nimehamia raketi ya duara ya gramu 365, povu gumu. Voli zangu (mapigo kabla mpira haujadunda) zimetulia sana, lakini nikiwa nyuma lobu (mipira ya juu ya kuwavuka wapinzani) zinaanguka katikati ya kiwanja na wapinzani wananimalizia kwa smashi, pigo la nguvu la juu ya kichwa. Je, raketi ina kasoro?

Raketi yako ni nzima. Kilichobadilika ni nani anayefanya kazi, wewe au povu.

Povu laini hubonyea hata mpira ukija polepole, kisha hufumuka na kuusukuma. Msukumo huo ndio uliokuwa ukizifikisha lobu zako mwisho wa kiwanja bila wewe kutambua, na mkono wako ulikuwa unabeba sehemu tu ya mzigo. Povu gumu chini ya kaboni halibonyei kwa mpira wa polepole. Hapo kinachobonyea zaidi ni mpira wenyewe, na mpira ukibonyea hupoteza nguvu nyingi kuliko povu. Matokeo yake, pigo lilelile lililokuwa likiangusha mpira mita moja kutoka kwenye kioo sasa linauacha karibu na mstari wa sevu, yaani wa mpira wa kuanzishia.

Tazama vipimo vya kiwanja uone jinsi upungufu mdogo unavyokugharimu. Kiwanja kina urefu wa mita 20, yaani mita 10 kila upande, na mstari wa sevu uko mita 6.95 kutoka kwenye wavu. Nyuma ya mstari huo zinabaki mita 3.05 tu hadi kwenye kioo. Lobu nzuri huangukia ndani ya eneo hilo, na bora zaidi ni katika mita mbili za mwisho. Lobu iliyokuwa ikitua mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, ikipungua mita mbili, tayari iko mbele ya mstari. Mpinzani hana haja hata ya kugeuka. Anarudi hatua moja, anaipiga.

Wengi wakiona hivyo wanaongeza nguvu, na hapo ndipo wanapopotea. Mkono unakaza, kifundo kinafyatuka, mpira unatoka chini na wa kasi, unamkuta mpinzani kifuani. Usiongeze nguvu, ongeza urefu wa pigo. Raketi iwe imeshakwenda nyuma, kichwa chake chini ya kimo utakachogongea, kabla mpira haujagusa kioo. Usubiri mpira utoke kwenye kioo na uje mbele yako. Ugonge ukiwa mbele kidogo ya nyonga ya mbele, kati ya goti na kiuno. Uso wa raketi uelekee juu kidogo, magoti yaliyokunjwa yanyooke wakati wa kugonga, na raketi iendelee kupanda mpaka mkono ufike usawa wa bega au zaidi. Kwa raketi laini ulizoea kusimamisha mkono kifuani, na mpira ulikwenda tu. Kwa hii, mkono ukisimama kifuani, mpira nao unasimama njiani.

Mshiko nao uangalie. Kama 10 ndiyo nguvu yako yote, shika kwa 4 mpaka karibu na kugonga. Mkono uliokakamaa hufupisha pigo wenyewe, hata ukijitahidi kulirefusha. Na unapolenga, fikiria kimo kabla ya umbali: mpira upite angalau mita mbili juu ya raketi aliyoinyoosha mpinzani. Lobu ya juu ikipungua kidogo bado inakupa muda wa kujipanga, ya chini ikipungua imekwisha.

Raketi hii ina fadhila moja katika mazoezi: kosa lako linasomeka. Mpira ukipanda vizuri lakini ukaanguka mfupi, pigo limekatika baada ya kugonga. Ukienda mbali lakini chini, uso haukufunguka. Ukielekea pembeni, umechelewa, umegonga mpira ukiwa umeshapita nyonga. Raketi laini huyachanganya makosa haya kwa sababu huongeza msukumo wake juu ya wa kwako.

Fanya hivi kabla ya kufikiria kuirudisha. Mwenzako asimame karibu na wavu upande wako, akurushie kwa mkono mipira 20 idunde na kugonga kioo cha nyuma. Weka koni mbili juu ya mstari wa sevu wa upande wa pili na uhesabu lobu zinazotua nyuma yake. Rudia kila siku ya mazoezi mpaka zifike 14. Tumia mipira mizima: kanuni inataka mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 udunde kati ya sentimita 135 na 145. Mipira iliyoishiwa hewa juu ya povu gumu hufupisha kila kitu, na raketi inabeba lawama isiyo yake.

Mwenzangu anasema raketi ngumu ni ya washambuliaji. Muuzaji anasema ni ya udhibiti. Nani wa kumsikiliza?

Wote wawili wamesema nusu. Ugumu peke yake hauamui. Lazima uutazame pamoja na umbo na mizani ya raketi, yaani uzito wake umeelemea wapi. Povu gumu ndani ya umbo la almasi, uzito umepanda kichwani, ni raketi ya mshambuliaji: ukiipeleka kwa kasi inatoa mpira mzito sana, lakini kitovu cha kugonga, ile sehemu ya uso inayopiga vizuri zaidi, ni kidogo na kiko juu. Povu hilohilo ndani ya umbo la duara, uzito umekaa karibu na mkono, ni raketi ya udhibiti: kitovu ni kikubwa, kiko katikati ya uso, na kichwa kinageuka upesi. Umbo la tone la maji linakaa kati ya hayo mawili.

Mizani unaweza kuipima mwenyewe. Weka penseli ya duara mezani, laza raketi juu yake, isogeze mpaka itulie bila kuinamia upande wowote, kisha pima kutoka mwisho wa mpini hadi kwenye penseli. Sentimita 25 hadi 25.5 ni mizani ya chini, karibu 26 ni ya kati, 26.5 na kuendelea ni ya juu. Pima raketi ileile unayotaka kununua, kwa sababu mbili za jina moja zinaweza kutofautiana gramu kadhaa na milimita kadhaa.

Maandishi ya 3K, 12K au 18K yasikubabaishe. Hiyo ni idadi, kwa maelfu, ya nyuzi nyembamba za kaboni katika kila uzi uliofumwa, wala si kipimo cha ugumu. Idadi ya tabaka, gundi iliyozishika na povu lililo chini yake vina usemi mkubwa zaidi. Hata neno "ngumu" lenyewe halina kipimo cha pamoja baina ya watengenezaji: "ngumu" ya mmoja inaweza kuwa "ya kati" kwa mwingine. Kubonyeza uso kwa kidole gumba hakukuambii lolote. Omba kuijaribu kwa nusu saa, upige lobu na voli.

Nacheza upande wa kulia na kazi yangu kubwa ni kutuliza mpira. Nikiwa kwenye wavu raketi ngumu itanisaidia nini hasa?

Hapa ndipo raketi hii inapolipa. Mpira wa kasi ukigonga uso laini, povu hubonyea sana, mpira hukaa juu ya uso kwa muda mrefu kidogo, na kama umegonga nje ya kitovu uso hupata nafasi ya kugeuka kabla mpira haujaondoka. Kugeuka kidogo kunatosha kukuharibia. Mpira ukitoka nyuzi 5 tu pembeni ya ulikolenga, baada ya mita 8 umehama karibu sentimita 70, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kumfunga mpinzani kwenye kona na kumletea mpira mkononi. Uso mgumu huuachia mpira mapema, kabla haujageuka sana.

Lakini usiupigie mpira wa kasi pigo refu. Raketi ikae mbele ya kifua, kichwa juu ya kifundo cha mkono, na mwendo wote usizidi sentimita 30. Kasi imeshaletwa na mpinzani; wewe unaweka ukuta na kuchagua upande wa ukuta. Mpira ukija polepole na chini ya usawa wa wavu, kumbuka swali la kwanza: raketi haitakusukumia, kwa hiyo ingia kwa hatua na uzito wa mwili, uukate mpira kidogo uende mrefu. Voli nyingi zinazofia kwenye wavu kwa raketi ngumu hutoka kwa mchezaji aliyesimama wima na kutegemea mkono peke yake. Wavu una kimo cha sentimita 88 katikati na 92 pembeni, hivyo ukiwa na shaka pita katikati.

Kuna pigo jingine ambalo raketi laini mara nyingi hulivuruga: chikita, ule mpira wa polepole unaoutelezesha kutoka nyuma hadi miguuni mwa wapinzani walio kwenye wavu. Raketi laini huupa msukumo usiouomba, mpira unapanda, unapigwa. Kwa raketi ngumu unaweza kuushika kwa ulegevu, ukaupiga pigo fupi, nao ukashuka pale ulipopanga. Kwa mchezaji wa kulia anayejenga pointi, tunaona chikita na voli ya kuzuia zinatosha kuwa sababu ya kuchagua raketi hii.

Smashi zangu hazitoki nje ya kiwanja tangu nibadilishe. Je, niongeze uzito kichwani?

Usikimbilie uzito. Smashi ya kutoka kwa tatu, ile inayodunda na kuvuka uzio wa pembeni wa mita 3, na ya kutoka kwa nne, inayovuka ukuta wa nyuma wa mita 4, zote zinataka kichwa cha raketi kifike kwenye mpira kikiwa na kasi na uzito. Raketi ya duara yenye mizani ya chini ina kichwa chepesi: unakigeuza upesi, lakini hakiuingilii mpira kwa kishindo kilekile. Ukiwa ndani ya mita tatu au nne kutoka kwenye wavu na mpira uko mbele yako, bado unaweza kuutoa. Ukiwa nyuma zaidi, raketi hii inakudai mkono wenye kasi kubwa, na asiye nao atakuwa anawaletea wapinzani mpira mzuri unaotoka kwenye kioo.

Kwa mipira hiyo ya nyuma piga bandeja, pigo la juu la kukata badala ya la nguvu. Geuka ubavu mapema, mkono usio na raketi uuelekeze mpira, gonga mbele kidogo ya kichwa katika usawa wa macho, uukate kutoka juu kwenda mbele, na umalizie raketi ikielekea ulikotuma mpira. Unataka udunde karibu na kona na utoke kwenye kioo ukiwa chini ya magoti. Kwa povu gumu bandeja haitoroki ndefu kirahisi, kwa hiyo unaweza kuipiga kwa mkono huru bila woga, na huo uhuru ndio unaoipa mkato. Vibora, pigo la juu la msokoto, hugongwa zaidi pembeni na kwa kasi kubwa. Msokoto wake hutoka kwenye kasi ya mkono, na mikwaruzo ya uso huusaidia tu. Kama mikwaruzo hiyo ni mchanga uliochanganywa kwenye rangi, italainika kwa matumizi. Iliyochongwa kwenye uso wenyewe hudumu zaidi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Ukishafanya yote hayo na bado unataka kichwa kizito, soma jibu linalofuata.

Nikiongeza ovagripi (utepe wa kuzungushia mpini), kinga ya fremu au risasi (vibandiko vya madini ya risasi vya kuongeza uzito), raketi inabadilika kiasi gani?

Kuliko wengi wanavyodhani. Chukua raketi ya gramu 365 yenye mizani ya sentimita 26. Ovagripi moja ya gramu 6, ambayo katikati yake iko sentimita 7 kutoka mwisho wa mpini, inaishusha mizani hadi karibu 25.7. Gramu 5 za risasi kwenye kilele cha fremu zinaipandisha hadi karibu 26.3. Kinga ya plastiki ya gramu 10 iliyobandikwa juu inaifikisha karibu 26.5, yaani umenunua raketi ya mizani ya kati na ukaigeuza ya mizani ya juu kwa kibandiko cha kuzuia mikwaruzo. Ukiipenda kinga, weka ovagripi mbili kurudisha sehemu ya mizani, au chagua ya gramu chache.

Risasi iongeze kwa gramu 2 au 3, ucheze mechi mbili, ndipo uongeze tena. Ukiibandika pande zote mbili za fremu, usawa wa saa tatu na saa tisa, raketi haigeuki sana ukigonga nje ya kitovu na mizani haipandi sana. Kwa raketi ya udhibiti tunapendelea hapo kuliko kileleni. Ubaki ndani ya vipimo vya kanuni: unene usizidi milimita 38, urefu sentimita 45.5, upana sentimita 26. Kamba ya mkononi ni ya lazima, haiondolewi kwa sababu ya kupunguza uzito.

Kiwiko kimeanza kuuma upande wa nje. Raketi ngumu ndiyo sababu?

Inaweza kuwa sehemu ya sababu. Uso mgumu hupitisha mshtuko mwingi zaidi hadi mkononi, hasa ukigonga karibu na fremu, na mshtuko huo hubebwa na misuli na kano zinazoshikana na mfupa wa nje wa kiwiko. Raketi nyepesi na ngumu, chini ya gramu 350, ndiyo mchanganyiko tunaouogopa zaidi, kwa sababu hauna uzito wa kumeza mshtuko na mchezaji hukaza mkono kufidia.

Kagua unene wa mpini kwanza. Ukiushika kawaida, kati ya ncha ya kidole cha pete na nyama ya chini ya kidole gumba paingie kidole kimoja cha mkono mwingine. Ncha ikigusa nyama, mpini ni mwembamba na unaubana mno. Ongeza ovagripi, kila moja huongeza karibu nusu milimita ya unene. Badilisha ovagripi iliyoanza kuteleza, kwa kuwa mpini unaoteleza humfanya mtu aushike kama anayening'inia. Mipira mizito iliyolowa maji nayo ni adui.

Kama maumivu yanakuja ukinyanyua kikombe au ukizungusha kitasa cha mlango, acha kucheza na raketi hiyo. Yakipita wiki mbili, nenda kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Utakaporudi, anza na povu la kati ndani ya umbo lilelile la duara, utabaki na kitovu kikubwa na mshtuko utapungua. Na kama umeanza mchezo miezi michache iliyopita, hiyo ya povu la kati ndiyo tungekupa tangu mwanzo: bado unagonga nje ya kitovu mara nyingi, na povu gumu huadhibu kila pigo la namna hiyo.

Raketi yangu ngumu imekuwa laini na mpira unatoka wenyewe. Inawezekana?

Inawezekana, kwa njia tatu. Ya kwanza ni joto: povu la EVA, aina inayojazwa ndani ya raketi hizi, hulainika likipata moto na kukakamaa kwenye baridi. Raketi iliyochezewa saa saba mchana si ileile ya alfajiri, na hapo hakuna kilichoharibika. Siku ya baridi anza na dakika 10 za mipira ya taratibu kabla ya kupiga kwa nguvu, na usiiache raketi ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto la humo hulidhoofisha povu pamoja na gundi.

Ya pili ni mwanzo wa kawaida: raketi mpya hulegea kidogo katika saa za kwanza za mchezo, kisha hutulia.

Ya tatu ni kuchoka au kupasuka. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu, kutoka katikati hadi kwenye fremu na pande zote mbili. Sauti iwe kali na isibadilike ghafla unapokaribia fremu. Mahali penye sauti nzito, kama ya boksi tupu, povu limeachana na kaboni. Kisha pitisha ukucha juu ya kila mstari unaouona: mstari wa rangi tu haukwamishi ukucha, ufa wa fremu hukwamisha. Kagua hasa pale fremu inapokutana na mpini, na kilele kinachogonga kioo. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uisokote taratibu. Ikilia au ikicheza hapo katikati, usiingie nayo kiwanjani tena.